Kitenzi Changu na Cherehani ya Jirani

Mwalimu wetu wa Kiingereza alitugawia vitenzi kama mtu anayegawa vifaranga: huyu wako, huyu wako, nenda naye nyumbani, Jumamosi ijayo uje utueleze. Aliyekaa mbele yangu akapata kula. Wa pembeni yake akapata kwenda, akafurahi, maana alikuwa anakijua tayari. Mimi nikapewa kimoja cha herufi nne, keep, nikasema hiki sikitaki, nibadilishie.

"Mama, hapa si sokoni," akaniambia.

Msichana wa miaka ishirini na mitatu, ananiambia mimi! Nikafunga kaderno yangu ya kuandikia, nikachomeka kalamu kwenye kilemba, nikainuka. Nje mvua ilikuwa inamwagika kama imetumwa. Nikakaa tena. Mimi nina hasira za karibu, Quionga nzima inajua, lakini si mjinga wa kulowa kwa ajili ya herufi nne.

Darasa lilikuwa kwenye baraza ya shule ya msingi, Jumamosi asubuhi, bure. Mwalimu mwenyewe ni mtoto wa hapa hapa. Baba yake ni mfanyabiashara aliyetoka upande wa Tanzania, akamsomesha Mtwara mpaka akamaliza. Vijana wanamwita professora, naye anaitika. Wenzangu wengi walikuja kwa sababu ya uvumi kwamba kule kwenye kambi ya gesi wanataka watu wanaojua Kiingereza, japo cha kuombea maji. Palikuwa na vijana wanne, fundi wa mashine za boti, na kina mama wawili waliokuwa wanataka kazi ya kufua. Mimi sikuja kutafuta kazi. Nani atamwajiri mwanamke wa miaka hamsini na miwili mwenye goti moja zima? Mimi natengeneza mafuta ya nazi, na nitayatengeneza mpaka nizikwe. Nilikuja kwa sababu ya binti yangu. Alikuwa Mtwara, ana miaka kumi na mitatu, na kila akipiga simu ananisomea kitabu chake cha Kiingereza, nami naitikia "Mashallah, mashallah," sijui kilichosomwa ni hadithi au ni matanga. Nikajiambia, huyu mtoto siku akirudi atanikuta nimekaa kama gogo.

Alivyofika huko Mtwara nitasema kwa ufupi, maana yakisemwa kwa urefu hayaishi.

Mwaka ule tuliokimbia vita alikuwa na miaka minane. Mume wangu alikuwa ameshafariki. Ndani nilikuwa na mama yangu mzazi, miguu imekataa, hata uani anabebwa. Ukuta kwa ukuta na sisi alikaa mwenzangu, mwanamke mshonaji, hana mtoto, mume alimwacha siku nyingi. Alikuwa na cherehani ya mkono aliyoachiwa na mama yake, nyeusi, chuma kitupu, na kifuniko chake cha mbao chenye kufuli. Hiyo ndiyo iliyokuwa shamba lake na ndiyo iliyokuwa mume wake. Asubuhi ile watu wote walikuwa wanakwenda mtoni kuvuka Rovuma kwa mitumbwi, na wenye mitumbwi hawataki mzigo. Walikuwa wanawatupia watu hata masufuria yao. Mimi siwezi kumwacha mama. Yeye hawezi kuvuka na cherehani. Tulisimama uani tunatazamana kama watu waliokuja kugombania kamba ya kuanikia nguo.

Akasema, "Shoga, niwekee cherehani yangu."

Nikasema, "Na wewe niwekee mtoto wangu."

Basi. Hatukulia wala hatukukumbatiana, hapakuwa na nafasi. Alimshika mtoto mkono. Mtoto alikuwa amebeba ndara moja mkononi, kamba yake imekatika, na nyingine ameivaa. Mimi nikaingia ndani kuitia cherehani kufuli. Nilipotoka walikuwa wameshapita msikiti.

Shemeji yangu akamchukua mama kwa baiskeli mpaka shamba la ndugu zetu karibu na Nhica, mimi nyuma kwa miguu na cherehani kichwani. Hilo goti langu ndipo lilipoanzia. Tulikaa huko masika mawili. Mama alifia huko, kitandani, kwa amani, siku ambayo alikuwa amelalamika tangu alfajiri kwamba mchuzi hauna chumvi. Tuliporudi Quionga nyumba yangu ilikuwa na kuta bila bati. Ya mwenzangu haikuwa na bati wala kuta.

Kwetu amana ina sheria zake, na mimi nilifundishwa chuoni, kwenye Kurani, nikiwa mdogo, kwa bakora. Amana haitumiwi. Ukiwekewa nguo usiivae, hata siku ya arusi ya ndugu yako. Ukiitumia bila ruhusa ikaharibika, uko kwenye dhima, utaulizwa hapa na utaulizwa huko tuendako. Na siku ya kuirudisha, mwenyewe anaikagua mbele ya shahidi, kisha anasema, "Nimepokea, iko timamu." Mpaka atamke hayo, shingo yako haiko huru.

Kwa hiyo sikushona hata mshono mmoja. Miaka mitano nimeshona magauni yangu kwa sindano ya mkono, kando ya cherehani. Watu walijua ninayo, wakaja. Mmoja alikuja na sare za watoto wake, akaniambia nusu saa tu, Mungu ni shahidi. Nikamwambia Mungu ana kazi nyingine. "Mla cha mwenziwe na chake huliwa," nikamwambia, "na changu kiko Mtwara." Akaenda zake amenuna mpaka leo.

Sasa nitasema jambo la kipumbavu, mnicheke. Nilikuwa nimejitia kichwani kwamba cherehani itakavyokaa, ndivyo na mtoto atakavyokaa. Ikipata mchubuko, mtoto ameanguka. Ikiwa nzima, mtoto mzima. Kwa hiyo kila Ijumaa, watu wakishatoka msikitini, nilikuwa nafungua kifuniko, natia kidole kwenye chupa, naipaka mafuta. Si mafuta ya kuuzia watu, la. Yale ya mwanzo, meupe, ninayoyakamua peke yake. Mafuta ya nazi kwetu yanapakwa kila kitu: mtoto mchanga, nywele, bawaba za mlango, goti. Kwa nini isiwe cherehani? Naipaka juu, naipaka chini, nachuruzisha kwenye vitundu vyake vyote, naifunika. Kule Nhica nazi zilikuwa za kuhesabu, tukala mboga ya kuchemsha ili cherehani ipate yake. Mama yangu alikuwa anaitazama anasema, "Hilo lichuma linakula kuliko mimi." Kila Ijumaa. Sikuruka hata moja.

Simu ilikuwa Jumapili, mtandao ukipenda. Mazungumzo yetu yalikuwa yaleyale.

"Shoga, wangu hajambo?" nauliza.

"Hajambo, anakula, anasoma. Na wangu?"

"Hajambo. Nimempaka mafuta juzi."

"Ahsante, shoga. Nisalimie."

Ndipo anampa mtoto simu. Yeye mwenyewe kule alikuwa anashona sare za shule kwa cherehani ya tajiri mmoja. Kila mwaka nilikuwa nasema mwaka huu mtoto atarudi, na kila mwaka ukawa na sababu yake: mara mpaka umefungwa, mara njia si nzuri, mara documento hazijatoka, mara ana mtihani. Sababu zote zilikuwa za kweli. Hilo ndilo lililokuwa linaniudhi.

Basi, kitenzi changu. Mwalimu alikuwa na kamusi nene isiyo na jalada, akaniruhusu nikae barazani kwao ninakili. Nilidhani neno la herufi nne litakuwa na maana mbili, tatu, ninywe chai niende. Lo! Zilikuwa kurasa. Mwalimu ananitafsiria, mimi naandika mpaka mkono unaganda. Kuweka kitu kisipotee, sawa, hilo nalijua. Kufuga kuku. Kutimiza ahadi. Kushika siku ya ibada. Kuficha siri. Samaki mkavu asipooza, Mzungu hutumia neno hilohilo. Mtu akiendelea na jambo bila kukoma, kama yule mtoto wa jirani anavyolia, neno ni hilo. Mgeni akikuchelewesha mlangoni umeshavaa kanga ya kutoka, hilo. Nikamuuliza mwalimu, hawa watu walipungukiwa na maneno au walikuwa wavivu? Akasema, "Mama, andika."

Tukafika pahali pameandikwa kubaki na kitu kikawa chako, usirudishe tena. Nikaweka kalamu chini. Nikamwambia anisomee upya, akanisomea, maana ikawa ileile. Neno hilohilo la kukuwekea mpaka urudi, ndilo la kuchukua moja kwa moja. "Sasa wao wanajuaje?" nikamuuliza. Akasema inategemea na maneno yanayofuata. Nikarudi nyumbani roho yangu si nzuri.

Kesho yake Jumapili, katikati ya simu, nikamsikia binti yangu anageuza uso kutoka kwenye simu anasema, "Mama, naja!" Hakuniambia mimi. Mimi nilikuwa Quionga, nimeshika simu.

Mwenzangu alipoichukua simu nikamuuliza, bila kupandisha sauti, na kwangu hiyo ni kazi. Akasema, "Shoga, shuleni waliuliza ni mtoto wa nani. Hospitali wakauliza. Ningesema wa jirani wangeniuliza jirani yuko wapi, nani kampa ruhusa, karatasi ziko wapi. Nikasema wangu. Naye nikamwambia aniite hivyo mbele za watu, asije akakosea."

"Ulifanya vizuri," nikasema.

Na alifanya vizuri, wallahi, hata ningekuwa mimi ningefanya hivyo. Nikakata simu, nikaenda kupasua nazi, nikapasua ishirini ambazo sikuwa na haja nazo siku hiyo. Nilikuwa na wivu, sifichi. Nilikuwa na wivu mpaka meno yananiuma, kwa mtu aliyenilishia mwanangu miaka mitano.

Siku nne baadaye akapiga simu isiyo ya Jumapili. Shule zimefungwa, karatasi zimepatikana, wanakuja Jumatatu. "Nakuletea amana yako," akasema. "Na wewe niandalie yangu." Nilifagia uwanja mara tatu siku hiyo. Shemeji akaniuliza kama anakuja gavana.

Jumamosi ikawa zamu yangu darasani. Nikasimama, goti linapiga kelele, nikasoma maana zote kumi na saba nilizonakili, na mfano wa kila moja. Wa kuweka nikautolea cherehani. Nikaeleza habari za amana, za kufuli, za Ijumaa, mpaka mwalimu akaacha kusahihisha matamshi yangu. Nikajisikia, sitasema uongo, nikajiona mtu.

Nilipomaliza, mwalimu akasema kwamba alitazama asili ya kile kitenzi, maana nami nilikuwa nimemsumbua sana wiki nzima. Kamusi inasema mizizi yake haijulikani vizuri. Maneno mengi ya Kiingereza yana ndugu zao kwenye lugha za jirani, hili halina ndugu hata mmoja anayejulikana. Limeonekana tu, linaishi hapo, kama mtu aliyehamia kijijini bila kusema anatoka wapi. Na zamani sana, kabla ya maana zote hizo kumi na saba, halikuwa na habari ya kuweka kabatini wala kufungia. Lilikuwa ni kukiangalia kitu. Kukitazama, kukijali, kutokiondolea macho. Hayo ya kushika na kubaki nacho yalikuja baadaye.

"Kwa hiyo wewe mama," akasema, "umefanya keep ya zamani kabisa. Umeiangalia."

Darasa likapiga makofi. Fundi wa mashine za boti hakupiga. Alikuwa amekunja uso.

"Mama," akasema, "samahani. Unaipaka mafuta gani?"

"Ya nazi," nikasema. "Ya mwanzo."

"Miaka mitano?"

"Kila Ijumaa."

"Na mkono wake unauzungusha?"

"Amana haitumiwi," nikamwambia. "Hukusoma chuoni?"

Akajishika kichwa. "Mama yangu wee, hukuiweka cherehani, umeikaanga!"

Watu wakacheka, mimi nikamwambia maneno mawili matatu ambayo hayamo kwenye kamusi ile. Nikarudi nyumbani mbiombio. Nikafungua kifuniko, nikasema bismillahi, nikaushika mkono wa cherehani kwa mara ya kwanza tangu niwekewe. Haukwenda. Nikausukuma. Haukwenda mbele, haukurudi nyuma. Ndipo nikaitazama, maana kwa miaka mitano nilikuwa naipaka tu, akili iko Mtwara. Mafuta yalikuwa yameganda kila mahali, ya manjano, mazito kama gundi ya fenesi, yamekamata vumbi, yamekamata nywele zangu, yamekamata hata mdudu mmoja mwenye mabawa. Sindano ilikuwa imesimama juu, haishuki. Nilijua mafuta ya nazi huganda asubuhi za baridi, mimi ndiye niyatengenezaye, ninayachota kwa kijiko mwezi wa saba. Sijui kwa nini sikufikiri.

Nililia. Nililia kuliko nilivyomlilia mama yangu, na naona haya kuandika hivyo. Kesho kutwa mwenzangu anakuja na mtoto wangu mzima, mimi nina maiti ya kumrudishia.

Jumatatu walishuka kwenye gari la kutoka mtoni saa za adhuhuri. Mwenzangu nilimjua mara moja, amenenepa, amepata mvi. Nyuma yake akashuka msichana mrefu mwenye begi la mgongoni, nikamtazama, nikaendelea kumtafuta mtoto. Nilikuwa natazama chini, kwenye kimo cha miaka minane.

"Shikamoo, Mama," yule mrefu akasema.

Sauti ilikuwa ya Kimtwara. Nikamwitikia marahaba kama ninavyomwitikia mtoto yeyote wa njiani, kisha nikamjua, nikamkimbilia kwa goti hili hili, akanidaka. Ananizidi kimo. Mtu niliyemwacha hafiki begani mwangu, sasa ananidaka.

Tukala, tukanywa maji, tukaulizana wafu na wazima. Halafu mwenzangu akasema, "Haya, shoga, tumalize la Mungu." Shemeji yangu akaitwa awe shahidi, akaja na kofia yake. Nikaileta cherehani, nikaiweka juu ya mkeka, nikafungua kufuli. Nilitaka kusema kabla hajaigusa, akaniwahi.

Akaondoa kifuniko. Akaushika ule mkono. Haukwenda. Akajaribu tena, polepole, kama mtu anayemwamsha mgonjwa. Akapitisha kidole kwenye chuma, akakinusa. Akaniinulia macho. Miaka mitano alikuwa anashona kwa cherehani ya mtu, anamwambia mwanangu siku moja tutarudi kwa yetu.

"Nimepokea," akasema. "Iko timamu."

Shemeji akakohoa. Mwenzangu akamtazama, shemeji akaacha kukohoa.

"Na wewe," akaniambia.

Nikamgeukia binti yangu. Alikuwa na kovu kwenye kiwiko ambalo silijui. Masikio yake yametogwa mara ya pili, nani kaamua? Ncha ya kidole chake cha kushoto ilikuwa imekomaa, na hiyo naijua, ni ya sindano. Alikuwa amesimama wima, anangoja nimkague, na midomo inamtetemeka kidogo, kama zamani alipovunja kitu. Hapo tu, kwenye midomo, nikamwona yule niliyemtoa. Kwingine kote alikuwa mtu mwingine.

"Nimepokea," nikasema. "Yuko timamu."

Tukawa waongo wawili mbele ya shahidi mmoja, na shahidi anajua.

Asubuhi yake mimi nilikuwa nakuna nazi, mwenzangu anaosha vyombo, na kutoka barazani likaja: "Mama!"

"Abee!" tukaitika wote wawili.

Mbuzi tu ndiye hakuitika. Mwenzangu akaziba mdomo kwa ncha ya kanga, akainamia sufuria yake, akaanza kuisugua upya, nayo ilikuwa safi. Binti yangu akatokea mlangoni, akatutazama mmoja mmoja, uso umemwiva. Hakusema alikuwa anamwita nani.

"Naomba mafuta ya taa," akasema. "Na unyoya wa kuku."

Akaichukua ile cherehani barazani, akaifungua vipande vipande juu ya gazeti. Mimi nilitaka kupiga kelele, nikakumbuka amana si yangu tena. Alifundishwa na mwenzangu, nikaona, maana alikuwa anakunja ulimi pembeni ya mdomo kama yeye anavyofanya akitunga uzi. Anachovya unyoya kwenye mafuta ya taa, anasugua, anangoja, anakwangua kwa kijiti. Siku mbili. Uwanja mzima ukanukia mkate wa nazi uliochacha. "Mama, hapa uliweka mafuta mara ngapi?" ananiuliza, kama daktari. Nikamwambia kila Ijumaa. Akahesabu kidogo, akaacha kuhesabu, akainama tena. Nikamwona anajipangusa macho kwa mkono wa nyuma, akasema ni mafuta ya taa.

Siku ya pili alasiri mkono ukazunguka. Ulilia mara moja, ukatulia, ukazunguka. Chini ya ile gundi chuma kilikuwa cheusi, kinang'aa, hakina doa la kutu hata moja.

Mwenzangu akapiga magoti akakichungulia. Kule Mtwara, akasema, ameona cherehani za watu waliorudi kwao kuzifuata, zote zimeliwa na kutu, nyingine zinamong'onyoka mkononi. "Yangu wewe," akaniambia, "umeiua, ukaizika vizuri, haikuoza." Nikamwambia funga mdomo. Tukacheka mpaka goti likaniuma, na huko kucheka ndiko kulikotupa nafasi ya kulia kidogo, ile ambayo hatukuipata siku ya mtumbwi.

Mwenzangu alikuwa na kazi ya sare inamngoja Mtwara, na nyumba hapa hana. Alhamisi asubuhi gari lilikuwa linarudi mtoni. Mimi nilikuwa nimeshaifunga cherehani kwenye kanga mpya, yeye akaja akaifungua, akairudisha mezani, akamwekea binti yangu gauni langu moja, lile nililolishona kwa mkono likaenda upande. "Mnyooshee mama yako hii aibu," akamwambia. Mtoto akakaa, akaanza kushona, ametupa mgongo.

Tukatoka uani. Tukasimama palepale.

"Shoga," akasema, "niwekee."

Alikuwa anatazama barazani. Sikumuuliza ni kipi. Nikasema, "Nitakuwekea."

"Lakini isikae bure safari hii. Anajua kushona, ashone. Na wewe ukiona chupa ya mafuta ya nazi, pita mbali."

"Nenda, gari litakuacha," nikamwambia. Hasira zilikuwa zinanipanda na sikujua za nini.

Akaenda. Hakuingia barazani kuaga, aliaga alfajiri, walikuwa wamejifungia chumbani wawili, mimi nikakaa jikoni nikawaacha. Nikasikia mlango wa gari. Barazani mkono wa cherehani ukaacha kuzunguka.

"Mama!" akaita.

Nikangoja mwenzangu aitike. Siku tatu tulikuwa tumeshazoea: mtoto akiita, mmoja wetu anaitika, mwingine ananyamaza. Nikatazama njiani. Gari lilikuwa limeshapita msikiti.

"Mama!"

"Abee," nikasema, nikaenda.